Kadi inasomeka mezani, getini inagoma: msimbopau gani uwekwe kwenye kitambulisho?

SWALI: Nimekabidhiwa kazi ya kutengeneza vitambulisho vya chuo chetu, kadi kama 1,200 hivi za wanafunzi na wafanyakazi. Kila kadi ina msimbopau wa Code 39 wenye namba ya usajili, kwa mfano CH/2024/00317. Tumetumia fonti tuliyoipata bure, tukaubana msimbo kwenye nafasi ya milimita 45 chini ya jina. Kadi tunaisanifu kwenye kompyuta, tunaihifadhi kama picha, kisha tunaituma kwenye printa ya kadi. Ofisini kwangu kila kadi inasomeka. Getini, kwenye kisomaji cha leza, tatu kati ya kumi zinagoma. Mwenzangu anashauri tuachane na pau, tuweke QR yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na kundi la damu, ili mlinzi apate kila kitu hata mtandao ukikatika. Tumeshachapisha kadi 300. Tufanye nini?

JIBU: Kwanza simamisha uchapishaji. Usitupe kadi hata moja, na usikubali kuuziwa kisomaji kipya, maana kwa maelezo yako kisomaji cha getini hakina kosa. Kosa liko kwenye hesabu ya milimita, na hesabu hiyo tunaweza kuifanya hapa hapa.

Kadi ya plastiki ya kawaida hukatwa kwa kipimo cha kimataifa kinachoitwa ID-1: milimita 85.60 kwa 53.98, unene 0.76. Ukishaweka picha, nembo, jina na cheo, pau huachiwa kipande kilichobaki. Ninyi mmeziachia milimita 45. Je, zinatosha?

Code 39 ilibuniwa mwaka 1974. Kila herufi yake ina pau 5 na mapengo 4, na kati ya hizo 9 kuna 3 nene. Tukichukua kwamba nene ni mara tatu ya nyembamba, kila herufi inakula upana wa pau nyembamba 16, ukihesabu na pengo linaloitenganisha na jirani yake. Namba CH/2024/00317 ina herufi 13, kwa sababu mikwaju (/) nayo inahesabiwa. Ongeza nyota ya kuanzia na ya kumalizia, zinakuwa 15. Zidisha kwa 16, ondoa pengo la mwisho ambalo halihitajiki, unapata 239. Yaani msimbo wenu una upana wa pau nyembamba 239, na zote mmezisukumia kwenye milimita 45. Kila moja inaambulia milimita 0.188.

Sasa geukia printa. Printa nyingi za kadi huchapa nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo nukta moja ina upana wa milimita 0.085 hivi. Upau wenu mwembamba unadai nukta 2.22, na hakuna printa inayochapa sehemu ya nukta. Itafanya nini? Itakadiria. Pau nyingi nyembamba zitapewa nukta 2, na karibu moja kati ya kila tano itapewa 3. Kwenye mchoro zote ni sawa, lakini kwenye plastiki moja imekuwa nene kwa nusu nzima kuliko mwenzake. Kisomaji kazi yake yote ni kutofautisha nyembamba na nene. Ukikiletea nyembamba zisizolingana, kinasita, na kikisita hakilii.

Kisomaji chako cha mezani yaelekea ni cha kamera. Hicho hupiga picha nzima ya msimbo, kikalinganisha mistari mingi ya picha hiyo, na kwa msaada wa programu yake kikafidia kasoro. Leza ya getini hupitisha mstari mmoja wa mwanga, ikasoma kinachorudi. Kadi hiyohiyo, macho mawili tofauti. Ndiyo maana siku zote nasisitiza kwamba kadi ijaribiwe kwenye kisomaji kibovu kuliko vyote vitakavyoisoma, na ijaribiwe pale kilipo, si juu ya meza ya aliyeisanifu.

Kuna jambo la pili linaloongeza ugonjwa. Umesema mnahifadhi kadi kama picha. Printa za kadi hutumia utepe wenye sehemu kadhaa zinazofuatana: manjano, majenta, samawati, halafu nyeusi ya resini, halafu tabaka la kinga. Rangi tatu za mwanzo hupashwa moto zikageuka mvuke na kuzama ndani ya plastiki. Hilo ni zuri kwa uso wa mtu, kwa sababu rangi zinayeyukiana bila mstari. Kwa pau ni balaa. Nyeusi ya resini haizami. Inakaa juu ikiwa kamili, na kingo zake hukatika vizuri kama za wembe. Printa huchapa kwa resini kile tu inachotambua kuwa ni maandishi meusi au msimbo, au kile ulichoiambia ichape hivyo. Mkiituma kadi nzima kama picha moja, haioni pau, inaona picha tu. Basi inaweza kuutengeneza weusi kwa kuchanganya zile rangi tatu.

Chukua kadi moja iliyogoma, iweke kwenye mwanga mzuri, itazame kwa kioo cha kukuzia au kwa kamera ya simu uliyoivuta karibu. Kama ninachoshuku ni kweli, utaona kingo za pau zimevimba kidogo, zina kivuli cha samawati upande mmoja na wekundu upande wa pili, na weusi wenyewe una hudhurungi ndani yake. Halafu tazama upau mwembamba wa kushoto na ulinganishe na wa kulia. Ukishaona tofauti hiyo kwa macho yako hutahitaji mtu wa kukushawishi.

Dawa ya hili ni rahisi. Msimbo usiwe sehemu ya picha. Utengenezwe na programu ya kusanifu kadi yenyewe kama kitu cha aina ya msimbopau, na kwenye mipangilio ya printa uchague pau zichapwe kwa nyeusi ya resini peke yake. Na hasa msihifadhi kwa JPEG, kwa sababu mbano wake huacha vumbi la kijivu kandokando ya kila mstari mkali. Nyongeza ndogo: kama siku moja mtaletewa visomaji vya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), vile ambavyo kadi hupitishwa kwenye mwanya, nyeusi ya kuchanganya rangi havitaiona kabisa. Kwake ni kama kioo, mwanga unapenya. Kwa kuwa kadi saba kati ya kumi zinasomeka getini, nyinyi hamjafika huko.

Twende kwenye swali la aina gani. Ushauri wangu ni Code 128, ikibeba tarakimu 8 tu.

Code 128 ilitoka mwaka 1981, na ndani yake mna seti tatu za alama. Seti C hufunga tarakimu mbili mbili ndani ya alama moja yenye upana wa pau nyembamba 11. Tarakimu 8 zinahitaji alama 4 basi. Ongeza alama ya kuanza, alama ya ukaguzi na alama ya kumaliza ambayo yenyewe ina upana wa 13: 11 na 44 na 11 na 13, jumla 79. Linganisha na 239 za mwanzo. Hapo unaweza kumpa kila upau mwembamba nukta 4 kamili, bila kasoro wala ziada, na msimbo mzima ukawa milimita 26.8. Acha ukingo mweupe wa upana wa pau nyembamba 10 kila upande, jumla inakuwa milimita 33.5, na bado kwenye zile 45 mnabaki na nafasi. Ule ukingo mweupe usiuonee tamaa. Wasanifu huuona kama eneo lililosahaulika wakaweka fremu au tarehe, kumbe ndipo kisomaji kinapojua kwamba msimbo umeanza.

Idadi ya tarakimu iwe shufwa. Ikiwa witiri, tarakimu inayobaki peke yake hulazimisha seti ibadilishwe katikati na msimbo unarefuka bila faida.

Tahadhari moja kuhusu fonti. Kwa Code 39 ulikuwa unaandika namba, unaizungushia nyota, basi. Code 128 haiendi hivyo, kwa sababu alama yake ya ukaguzi ni ya lazima na hukokotolewa kutokana na namba yenyewe. Ukiandika namba tupu kwa fonti ya Code 128 utapata pau nzuri za kutazama ambazo hakuna kisomaji kitakachozikubali. Iache programu iutengeneze msimbo, nawe uweke upana wa upau mwembamba kwa idadi kamili ya nukta. Ukishauweka, usiuvute kwa kipanya ili ujaze nafasi. Mvuto huo mmoja ndio unaorudisha zile 2.22.

Kuna watakaokuambia utumie Interleaved 2 of 5, kwa kuwa nayo hubeba tarakimu na ni fupi. Mimi siipendi kwenye vitambulisho, na ninayo sababu. Niliwahi kutunza mfumo wa mahudhurio wa taasisi moja iliyokuwa na kadi za aina hiyo, zenye tarakimu 8, huku daftari la zamani likiwa bado na namba za tarakimu 6. Siku moja mfanyakazi aliyekuwa likizo akaonekana ameingia saa 2 asubuhi. Msimamizi wake alikuwa tayari ameandika barua ya kumtaka ajieleze kwa nini alifika kazini na hakuonekana mezani kwake. Nilikaa nusu siku nikipekua kumbukumbu hadi nilipoenda mlangoni kusimama na kutazama. Watu walikuwa wakipitisha kadi zikiwa zimeinama. Mstari wa leza uliingia ubavuni mwa msimbo, ukatokea juu kabla ya kufika mwisho. Katika aina ile alama za kuanza na kumaliza ni fupi mno, hata kipande cha katikati kinaweza kufanana nazo, kwa hiyo kisomaji kilisoma tarakimu 6 kikaridhika. Namba hiyo ya tarakimu 6 ilikuwa ya yule aliyekuwa likizo. Nilikiamuru kisomaji kikubali tarakimu 8 pekee na pau zikaongezwa urefu, lakini ile barua ilikuwa imeshafika mikononi mwa mtu asiye na hatia. Code 128 yenye alama yake ya ukaguzi haikupi msomo wa nusu namna hiyo kirahisi.

Kwa hiyo urefu wa pau nao ni muhimu. Zipe milimita 8 hadi 10 kwenda juu kama nafasi ipo. Pau ndefu husamehe mkono ulioinama na mkwaruzo pia, maana leza ikikosa njia hapa huipata juu yake kidogo.

Na mwelekeo: lazeni msimbo ufuate upande mrefu wa kadi. Kadi huingia kwenye printa kwa urefu wake, na kichwa cha kuchapia hukaa kikikatiza upana. Nukta moja ya kichwa hicho ikifa, huacha mstari mweupe kutoka mwanzo wa kadi hadi mwisho. Msimbo ukiwa umelala kwa urefu, mstari huo unazikata pau zote katikati kama barabara inavyokata mashamba, na leza inasoma juu yake au chini yake bila shida. Msimbo ukiwa umesimama kwenye upande mfupi, mstari huo unaweza kuufuta upau mmoja wote, na kila kadi inayotoka inakuwa mbovu pasipo mtu kugundua.

Rangi: pau nyeusi juu ya nyeupe. Nembo ikiwa nyekundu mtu atapendekeza pau nyekundu zipendeze. Mwanga wa leza ni mwekundu, na pau nyekundu huurudisha sawasawa na plastiki nyeupe, kwa hiyo kisomaji hakioni kitu. Mchoro hafifu wa nembo nyuma ya pau nao uondoke.

Sasa namba yenyewe. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana pau mbovu unaweza kuzichapa upya, lakini namba iliyochaguliwa vibaya itawafuata miaka. Msiweke namba ya usajili ndani ya msimbo. Namba ya usajili ni ya mtu. Ndani ya msimbo iwekwe namba ya kadi. Mwanafunzi akipoteza kadi leo, mkampa nyingine yenye namba ileile, kadi iliyookotwa barabarani inaendelea kufungua geti kama kawaida, na mfumo hauna njia ya kuijua. Mtaifungia vipi bila kumfungia mwenyewe? Namba ikiwa ya kadi, ile iliyopotea unaiandikia "imefutwa", mpya inapata namba yake, na mtu anabaki yuleyule kwenye hifadhidata. Jedwali lenyewe ni dogo: namba ya kadi, namba ya mtu, hali ya kadi, siku iliyotolewa, siku itakayoisha.

Namba hizo zisifuatane. Kama kadi yangu ni 10000451, najua bila kuuliza kwamba kuna 10000452, na mtu yeyote mwenye programu ya bure anaweza kuichapa. Tarakimu 7 zitolewe kwa bahati nasibu na kompyuta, na ya 8 iwe ya ukaguzi. Ya kwanza isiwe sifuri, kwa sababu programu za lahajedwali huchukulia sifuri ya mbele kuwa haina maana na kuifuta. Nimeshaona faili zima la kadi likirudi kutoka idara nyingine likiwa limepoteza sifuri zote.

Tarakimu ya ukaguzi inawafaa pale kadi isiposomeka na mlinzi akalazimika kuandika kwa mkono. Kanuni ya Luhn, ileile inayotumika kwenye kadi za benki, inatosha. Chukua 4171905. Anza kulia, zidisha kwa mbili tarakimu moja na kuruka inayofuata: 5 inakuwa 10, ambayo ni 1 na 0, jumla 1, 0 inabaki, 9 inakuwa 18, jumla 9, 1 inabaki, 7 inakuwa 14, jumla 5, 1 inabaki, 4 inakuwa 8. Jumlisha: 25. Ili ufike 30 unahitaji 5, basi namba kamili ni 41719055. Mlinzi akipitiwa akaandika 41179055, hesabu inatoka 33, mfumo unaikataa papo hapo badala ya kumfungulia mtu mwingine. Kanuni hii hukamata kila kosa la tarakimu moja na takriban kila kosa la kupishanisha jirani wawili, isipokuwa 09 na 90. Na ili mlinzi aweze kuandika, namba ichapwe chini ya pau kwa herufi zinazosomeka, tarakimu nne, nafasi, tarakimu nne.

Kuacha mikwaju kuna faida nyingine ambayo huenda imeshawasumbua bila kujua. Visomaji vingi hujifanya kibodi: vinachosoma vinakiandika kama vidole. Kompyuta ikiwa imewekewa mpangilio tofauti wa kibodi, mkwaju unatoka kama alama nyingine na namba haipatikani. Tarakimu tupu hupona kwa sehemu kubwa, ingawa kwenye mpangilio wa Kifaransa hata zenyewe hugeuka alama, kwa hiyo hakikisha kisomaji na kompyuta vinazungumza lugha moja.

Nimfikie mwenzako na QR yake. Hakukosea kuipenda. Ilibuniwa Denso Wave huko Japani mwaka 1994 na timu iliyoongozwa na Masahiro Hara, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na inabeba mengi: hadi tarakimu 7,089 kwenye umbo lake kubwa kabisa. Hustahimili madoa pia. Katika ngazi yake ya juu ya urekebishaji, takriban asilimia 30 ya alama zake zikiharibika bado husomeka. Lakini leza yenu ya getini haiwezi kuisoma, maana QR inataka kamera. Kwa hiyo kuhamia QR peke yake ni kununua visomaji.

Hilo la vifaa si kubwa. Langu kubwa ni kile anachotaka kukiweka ndani. QR si siri, ni maandishi yaliyobadilishwa sura. Simu yoyote inaisoma. Mwanafunzi akipiga picha akiwa amevaa kadi shingoni na kuituma mtandaoni, ametuma jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu kwa yeyote atakayeikuza picha hiyo. Wasichana ndio watakaoanza kupigiwa na wasiowajua. Namba ya simu hubadilika na kadi haibadiliki. Na kundi la damu, ninajua limewekwa kwa nia njema, lakini hospitali haimwongezei mtu damu kwa kusoma kadi yake. Hupima kwanza. Kwa hiyo mnachapisha habari ya mwili wa mtu ambayo haitamsaidia siku anapoihitaji.

Hoja yake ya mtandao kukatika ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. Watu 1,200 si wengi. Nakala ya jedwali pamoja na picha ndogo za nyuso, tuseme kilobaiti 20 kila moja, ni megabaiti 24 kwa wote. Hizo zinakaa kwenye kompyuta ya getini na nafasi tele inabaki. Kila usiku mtandao ukiwepo nakala inajisasisha, kadi zilizofutwa zinaingia, mchana ukikatika geti linaendelea. Mlinzi anapoiskani kadi anaona kwenye skrini picha kubwa, jina, na hali ya kadi kwa kijani au nyekundu. Hivyo anapata zaidi ya alichotaka mwenzako, na kadi imebeba tarakimu 8 zisizomwambia mgeni chochote.

Ile picha kwenye skrini ndiyo ulinzi wenu halisi. Msimbopau wa aina yoyote, pau au QR, unanakiliwa kwa simu na kuchapwa kwenye karatasi, na kisomaji hakitajua tofauti. Unasema kadi ni ipi. Hausemi aliyeishika ni nani. Hilo la pili linajibiwa na mlinzi kulinganisha uso ulio mbele yake na uso uliotoka kwenye hifadhidata, si ule uliochapwa kwenye kadi, kwa sababu uliochapwa unaweza kubandikwa.

Kuna hali moja ambapo data ndani ya kadi ina maana: pale kadi inapokaguliwa na watu wa nje wasioifikia hifadhidata yenu. Leseni za udereva za Marekani hufanya hivyo kwa PDF417, ule msimbo mpana wa mistari iliyorundikana mgongoni mwa kadi, uliobuniwa mwaka 1991 katika kampuni ya Symbol Technologies. Mkifika huko, wekeni kidogo mno, jina, namba na siku ya kuisha, na mfunge kwa sahihi ya kidijitali, yaani alama ya kihesabu inayothibitisha kwamba data ni yenu na haijaguswa. Sahihi ya aina ya ECDSA kwenye mkunjo wa P-256 ni baiti 64 tu, kwa hiyo pamoja na data mnaweza kukaa ndani ya baiti 150, ambazo zinaenea kwenye QR ya miraba 49 kwa 49. Atakayebadilisha herufi moja, sahihi inakataa. Lakini hata sahihi haizuii kunakili kadi nzima, na kwa geti lenu haihitajiki.

Kama mnataka QR kwa matumizi ya simu, kwa mfano mhadhiri kuandikisha mahudhurio darasani, iwekeni ikiwa na zile tarakimu 8 zilezile. Inatosha QR ndogo kabisa, miraba 21 kwa 21. Kila mraba ukipewa nukta 6, pamoja na ukingo wake wa miraba 4 kila upande, inakaa kwenye eneo la milimita 15 kwa 15. Iwe nyuma ya kadi, pau zibaki mbele, ili mtu asikiwekee kisomaji kimoja misimbo miwili kwa pamoja.

Mkishabadilisha, chapeni kadi 20 tu. Peleka getini wewe mwenyewe, asubuhi, jua la mchana, na usiku. Zijaribu zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kama watu watakavyozivaa, maana mfuko unaong'aa hurudisha mwanga wa leza kama kioo, na mara nyingi kisomaji kikiinamishwa kidogo tu kisitazame kadi uso kwa uso, tatizo hilo huisha. Wape watu kumi kadi hizo wakae nazo mwezi mzima mfukoni pamoja na funguo. Zikirudi zinasomeka zote mara ya kwanza, chapeni zilizobaki.

Kuhusu zile 300. Zilizogawiwa ziacheni zitumike. Mfumo ukubali namba za aina zote mbili kwa muda, kila namba ya zamani ikiwa imeunganishwa na mtu wake kwenye jedwali jipya. Zinazogoma getini zibadilishwe kwanza, zinazosomeka zisubiri zamu, na wape watu tarehe ya mwisho iliyo wazi. Msizirudishe kwenye printa kwa namna yoyote. Jasho na vumbi la mikono, hata kadi ikifutwa, huweza kukwaruza kichwa cha kuchapia, na kichwa ni ghali kuliko kadi zote 300. Zile ambazo bado ziko kwenye boksi, safi, na mgongo wake ni mweupe, hizo zinaokoka: funga utepe wa resini nyeusi pekee, uchape Code 128 mpya mgongoni, na kile kipande cha Code 39 cha mbele kifunikeni, ili leza isije ikakisoma kabla ya mlinzi kuigeuza kadi.